Kwa nini wasimkloni Sudan? Vifaru weupe wa kaskazini wamebaki wawili tu

#1 Mwana_wa_Likoni
Assalam aleikum wadau, na wengine habari za jioni. Nina swali lanisumbua tangu juzi. Tulikuwa kahawani pale Mwembe Tayari, maneno yakafika kwa vifaru, mzee mmoja akasema yule dume Sudan alokufa kule hifadhi ya Ol Pejeta mwezi wa tatu 2018 hakufa kabisa, seli zake ziko kwenye friza na siku wakitaka watamtoa tena kama walivyomtoa yule kondoo Dolly. Wengine wakacheka, mimi sikucheka. Kama kondoo alikloniwa 1996, karibu miaka thelathini sasa, mbona hadi leo vifaru weupe wa kaskazini dunia nzima wamebaki Najin na Fatu, mama na mwanawe, wote majike? Wangoja nini? Binti yangu wa darasa la sita aliniuliza "baba, kwani mnyama akiisha hawezi kurudi?" nikamwambia ngoja niulize watu wanaojua. Basi nauliza.

#2 Shaban_Kisauni
Pesa ndugu yangu, hakuna jingine. Kukloni mbwa mmoja kule Marekani ni dola elfu hamsini, zaidi ya milioni sita zetu, na mbwa ni kitu washakizoea. Kifaru itakuwa ngapi? Huku kwetu maji ya mfereji twayaona kwa bahati, twanunua mitungi kwa mkokoteni. Nampenda kifaru lakini nataka mtu anieleze vizuri kwa nini pesa kama hizo ziende kwenye friza.

#3 Mwalimu_Bio
Mwana wa Likoni, yule mzee amechanganya mambo mawili, na si yeye peke yake, hata magazeti huchanganya. Wanachofanya kwa Najin na Fatu SI kukloni. Ni kupandikiza mimba, ile ile wanayofanyiwa watu waliokawia kupata mtoto. Yai la Fatu latolewa, lasafirishwa hadi maabara ya Cremona, Italia, lachanganywa na mbegu za madume zilizogandishwa zamani, za Suni alokufa Ol Pejeta 2014 na za Angalifu alokufa San Diego mwaka huo huo, kikipatikana kiinitete chagandishwa. Hapo kuna baba na kuna mama, mtoto ni mtu mpya kabisa (samahani, kifaru mpya).

Kukloni ni njia nyingine. Wachukua seli, tuseme ya ngozi. Watafuta yai la jike, walitoa kiini chake, watia kiini cha ile seli ya ngozi, walipiga umeme kidogo ili lianze kugawanyika kama lililotungwa, kisha wampandikizia mama wa kubeba. Atakayezaliwa ni nakala ya yule mwenye ngozi, ni kama pacha wake aliyechelewa kuja. Sasa kumbuka Dolly alipatikana baada ya mayai 277. Fatu hana mayai 277 ya kujaribia, na Najin walishampumzisha kutolewa mayai tangu 2021 kwa sababu ya umri na afya yake. Kila yai la Fatu ukilitoa kiini ili umrudishe Sudan, umetupa urithi wa Fatu mwenyewe. Na Fatu ni mjukuu wa Sudan! Huyo babu yumo ndani yake tayari.

#4 Salma_Mjini
Mwalimu leo umefungua darasa la usiku haha. Mimi baiolojia niliiacha kidato cha pili lakini nimekuelewa. Swali: kwani lazima yai liwe la Fatu? Si wapo wale weupe wa kusini maelfu, wachukue mayai ya hao watie kiini cha Sudan

#5 Daktari_Ngombe
Salma umeuliza pale penyewe. Mimi ni daktari wa mifugo, nafanya kazi upande wa Kwale, nimepandisha ng'ombe kwa sindano miaka kumi na nne, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo.

Yawezekana, ila kuna vikwazo. Kwanza yai lenyewe lina DNA yake kidogo nje ya kiini, kwenye mitokondria, hiyo haitoki. Kwa hiyo mtoto angekuwa wa kaskazini kwa kiini na wa kusini kwa mitokondria. Wengine wasema si kitu, wengine wasema si yule tena, na huo ubishi haujaisha. Pili, kutoa yai la kifaru si kama ng'ombe. Ng'ombe naingiza mkono naishika ovari. Kifaru ovari ziko ndani sana, mkono haufiki, inabidi alazwe usingizi, sindano ndefu ipitishwe njia ya haja kubwa ikiongozwa na picha, na karibu hapo kuna mishipa mikubwa ya damu, ukikosea umemuua. Ndio maana yule daktari wa wanyama Hildebrandt wa Berlin na wenzake walitumia miaka kuifanyia mazoezi hiyo hatua moja kabla hawajamgusa Fatu 2019.

Na msidhani kukloni ni mambo ya ng'ambo tu. ILRI, ile taasisi ya utafiti wa mifugo hapo Nairobi, wakishirikiana na taasisi ya Roslin, wale wale wa Dolly, walimkloni fahali wa Boran wakamwita Tumaini. Lengo lao ni kufika kwa ng'ombe asiyeuawa na nagana, ule ugonjwa wa mbung'o, kwa kutumia jeni ya nyani, maana nyani mbung'o hamuumizi. Mimi nikiona ng'ombe wa watu wakifa nagana kandokando ya Shimba Hills, nasema hiyo sayansi ina maana hata kabla hatujafika kwa kifaru.

#6 Rudi_Ghuba
Nilikuwa Dubai miaka tisa, nkifanya kazi kwenye mazizi ya ngamia wa mashindano. Hayo mnayosema ya kukloni wenzetu wameyafanya kazi ya kawaida. Injaz alizaliwa mwezi wa nne 2009, ngamia wa kwanza kukloniwa duniani, akakua akazaa mwenyewe kwa njia ya kawaida. Baada ya hapo ikawa tajiri ana ngamia bingwa wa mbio au wa urembo, amkloni. Nimewaona kwa macho yangu, wanakula wanapiga mateke kama ngamia wengine. Sasa @Shaban_Kisauni kama ni pesa, pesa zipo, zafuata mwenye hamu. Kifaru hana tajiri wa kumpeleka mashindanoni. Hilo ndilo lililoniuma nlipoona habari ya Sudan nikiwa huko.

#7 Shaban_Kisauni
@Rudi_Ghuba sasa si umenisaidia mimi? Nilisema pesa.

#8 Rudi_Ghuba
Sikusema hazipo, nimesema ziko mahali pengine. Si kitu kimoja.

#9 Ustadh_wa_Mji_wa_Kale
Waungwana, kabla hamjafika mbali. Watu wengi wauliza hili hata msikitini: je huku si kushindana na Muumba? Kwa nionavyo mimi hapana. Mwanadamu hapa hakuumba kitu, amechukua seli hai iliyokwisha kuumbwa, na yai lililoumbwa, na mji wa mimba ulioumbwa, akavikutanisha. Baraza la fiqhi la kimataifa lilikaa Jeddah 1997, mwaka ule ule habari ya Dolly ilipotoka, likaharamisha kumkloni binadamu, lakini kwa mimea na wanyama likaruhusu kukiwa na maslahi na bila kuvuka mipaka ya sheria. Sasa mimi swali langu ni hiyo mipaka. Mnyama anayebebeshwa mimba kumi ili azaliwe mmoja, anaumia. Je, maumivu yake tumeyahesabu? Hili silisemi kupinga, nauliza kwa sababu sijaona mtu analitaja.

#10 Mama_Zuhura
Ustadh asante. Mimi ninavyojua hata Dolly aliishi mwaka mmoja tu akafa kwa uzee, kwa sababu seli ilikuwa ya kondoo mzee.

#11 Mwalimu_Bio
Mama Zuhura, si hivyo dada. Dolly alizaliwa Julai 1996, akafa Februari 2003, miaka sita na nusu hivi. Alikuwa na uvimbe wa mapafu unaoletwa na virusi, kondoo wengine wa hapo waliugua pia, ikabidi wamuue kwa dawa asizidi kuumia. Nusu ya umri wa kondoo kweli, lakini si mwaka mmoja. Na uzee wenyewe haujathibitika, kuna kondoo wengine waliotoka kwa seli zile zile wakaishi vizuri hadi uzeeni.

Ila wasiwasi wa Ustadh uko mahali pake. Chukua mbuzi wa milima ya Pyrenees kule Hispania, wamwita bucardo. Wa mwisho alikuwa jike, Celia, aliangukiwa na mti akafa Januari 2000. Walikuwa wameshachukua ngozi yake mwaka mmoja nyuma. 2003 wakapata mtoto mmoja, akazaliwa, pafu lina kasoro, akahangaika kupumua dakika chache akafa. Yule ndiye mnyama pekee alowahi kurudi baada ya aina yake kuisha, na aina yake ikaisha mara ya pili. Na hata angeishi, angezaa na nani? Wa mwisho alikuwa jike, kila kloni yake itakuwa jike.

#12 Salma_Mjini
Eh hii ya Celia imenikaa moyoni. Ikaisha mara mbili.

#13 Nahodha_Mstaafu
Mnazungumza vifaru na mbuzi wa Wazungu, hakuna anayemtaja nguva. Mimi nimevua tangu nina miaka kumi na miwili, kutoka Kiunga hadi Shimoni. Babangu akisimulia nguva wakija kula majani ya baharini makundi kwa makundi, jarife likitupwa hujui utatoa nini. Mimi mwenyewe maisha yangu yote nimemwona mara tatu, na mara moja alikuwa amekufa ndani ya wavu, jike, maziwa yako kifuani kama ya mwanamke, wazee wakanyamaza kimya wote kwenye jahazi. Tangu hapo ni miaka ishirini na zaidi sijamwona mwingine. Sasa nyinyi wasomi, nguva aweza kukloniwa?

#14 Daktari_Ngombe
Nahodha shikamoo. Nguva ni mgumu kuliko kifaru, nitakwambia kwa nini. Kukloni kwahitaji mama wa kubeba aliye jamaa wa karibu. Kifaru wa kaskazini ana ndugu yake wa kusini, mimba yaweza kukaa. Nguva yuko peke yake, jamaa yake wa karibu zaidi alikuwa ng'ombe wa bahari wa Bering, mkubwa ajabu, mabaharia walimmaliza karne ya 18. Waliobaki ni manati wa Atlantiki, na hao ni ukoo mwingine. Kwa hiyo mama ni lazima awe nguva mwenyewe, na yeye hubeba mimba zaidi ya mwaka kwa mtoto mmoja. Utamlaza usingizi vipi ndani ya maji? Nguva dawa yake ni majani na nyavu. Majani yakiwepo na jarife likiondolewa, atazaa mwenyewe polepole.

#15 Nahodha_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Nimekusikia. Lakini jarife ndilo lalisha watu huko, usiliseme kwa wepesi.

#16 Daktari_Ngombe
Kweli Nahodha, hapo nimeteleza.

#17 Shaban_Kisauni
Sasa niwaulize nyote. Vifaru weupe wa kusini mwisho wa karne ya 19 walikuwa hawafiki mia moja, wote kona moja ya Afrika Kusini. Leo ni maelfu kwa maelfu. Nani aliwakloni? Hakuna! Walilindwa tu. Na weusi wetu Kenya, 1970 walikuwa kama elfu ishirini, majangili wakawashusha chini ya mia nne kufikia mwisho wa miaka ya themanini, leo wamefika kama elfu moja. Kwa bunduki za marenja na fensi. Hiyo ndiyo naita sayansi mimi. Huyu wa kaskazini tulimwacha hadi wakabaki wawili ndio tukakimbilia friza.

#18 Kijana_Changamwe
Shaban sio zote ni fensi na renja. 2018 si waliwahamisha vifaru weusi 14 wakapeleka Tsavo Mashariki wakafa wote? Walilindwa vizuri tu.

#19 Mwalimu_Bio
Walikuwa 11, si 14. Walitoka Nairobi na Nakuru. Kumi walikufa, maji ya visima kule yana chumvi nyingi, wakinywa wazidi kupata kiu, na wa kumi na moja akavamiwa na simba. Nakumbuka ile wiki, wanafunzi wangu walileta gazeti darasani wakaniuliza, nilishindwa kufundisha kipindi kizima.

#20 Pili_wa_Bamburi
Kuna jambo Shaban ameliruka. Kulinda kwaongeza idadi, hakurudishi damu iliyopotea. Marekani kuna kicheche mwenye miguu myeusi, walidhani ameisha, 1981 mbwa wa shamba kule Wyoming akaleta mmoja mdomoni, wakagundua wachache wamebaki. Waliopo leo wote wametokana na saba tu! Ndugu watupu. Sasa kulikuwa na jike akiitwa Willa, alikufa 1988, watoto wake hawakuendelea, lakini mtu mmoja mwenye akili aliweka seli zake kwenye friza San Diego. Desemba 2020 akazaliwa kloni yake, Elizabeth Ann. Huyo mwenyewe hakuweza kuzaa, wakapata wengine, mmoja aitwa Antonia, na 2024 Antonia akazaa watoto. Damu ya Willa imerudi baada ya zaidi ya miaka thelathini. Na farasi mwitu wa Mongolia vilevile, wote wametokana na kumi na wawili hivi, 2020 wakamkloni dume mmoja kutoka seli zilizogandishwa 1980, wakamwita Kurt, jina la daktari aloanzisha ile friza.

Kwangu mimi hapo ndipo kukloni kunapofaa. Si kurudisha walokufa kwa huzuni zetu, ni kurudisha damu kwa walio hai.

#21 Mwalimu_Bio
Pili, nimekuvulia kofia. Na kwa kifaru ni hivyo hivyo. Viinitete vya kaskazini vilivyoko kwenye friza ni zaidi ya 30, lakini mama yao wote ni mmoja, Fatu, na baba zao ni madume wachache. Seli za ngozi zilizowekwa ni za vifaru kumi na wawili. Kwa hiyo wengine, kama Hayashi wa Japani, wajaribu njia ya tatu: kuirudisha seli ya ngozi iwe seli shina, yaani seli iwezayo kugeuka aina yoyote, kisha iwe yai au mbegu. 2022 walifika hatua ya mwanzo. Wakifaulu, hutahitaji kukloni wala mayai ya Fatu.

#22 Mrembo_Tudor
Mbona mwazunguka, si juzi 2025 Wamarekani walimrudisha mbwa mwitu mkubwa aloisha miaka elfu kumi? Weupe kama pamba nimeona picha zao. Kama hao wamerudi Sudan ni nani

#23 Pili_wa_Bamburi
@Mrembo_Tudor hao ni mbwa mwitu wa kijivu wa leo, walobadilishwa jeni sehemu ishirini ili wafanane na yule wa zamani. Hakuna seli iliyobaki hai ya miaka elfu kumi. Wazuri kuwaona, lakini aloisha hajarudi.

#24 Mrembo_Tudor
Sawa, nimefunzwa. Asante.

#25 Bi_Rehema_Nyali
Mimi nilikwenda Ol Pejeta 2022 na dada yangu. Hatukuwa na pesa nyingi, tulijichanga mwaka mzima. Walitupeleka kwa Najin na Fatu asubuhi, renja mmoja akamwita Najin kwa jina akaja polepole, akajikuna mgongo kwenye nguzo. Nilidhani nitafurahi, nikalia. Dada yangu akaniuliza walia nini, sikuweza kumweleza. Yule renja akasema anakaa nao zaidi ya anavyokaa na watoto wake.

Ndio maana ile habari ya Januari 2024 iliniumiza. Walipandikiza kiinitete kwa jike wa kusini, Curra, na mimba ikashika! Mara ya kwanza duniani kwa kifaru. Kisha mvua kubwa ikaja, mafuriko yakafukua bakteria kwenye udongo, Curra akafa. Walipompasua wakakuta kijusi cha siku 70, dume, sentimita sita na kitu.

#26 Mwana_wa_Likoni
Subhanallah. Bi Rehema, kile kijusi kilikuwa cha kaskazini?

#27 Daktari_Ngombe
Hapana, kilikuwa cha kusini, walikuwa wajaribu kwanza kabla ya kutumia vya Fatu. Lakini kilionyesha kwamba njia yapitika. Mimba ya kifaru ni miezi kumi na sita, kwa hiyo kila jaribio ni karibu mwaka na nusu wa kungoja. Na Fatu alizaliwa 2000, Najin 1989. Mtoto atakayezaliwa anahitaji kulelewa na wa kwao, ajifunze kuwa kifaru wa kaskazini. Hilo friza haitoi.

#28 Mjukuu_wa_Kaya
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi ni Mdigo, bibi yangu alikuwa akitupeleka kaya, msitu wetu mtakatifu, kwa matambiko. Hukati mti, huokoti hata kuni, hupigi kelele. Hakukuwa na renja wala umeme kwenye fensi. Kaya zetu dunia ilizitambua kama urithi 2008, lakini sisi tulizilinda kabla ya hapo kwa kuwaogopa waliolala humo. Leo mti wakatwa mchana. Mwasema damu imepotea, friza, mayai. Huyo atakayetoka kwenye friza mtamweka wapi?

#29 Shaban_Kisauni
Mjukuu umesema nilichotaka kusema tangu post ya pili nikashindwa.

#30 Pili_wa_Bamburi
Nakubali nusu. Msitu wangoja kurudi, waweza kupandwa. Kule Haller Park palikuwa shimo la mawe la kiwanda cha saruji, hakuna jani, leo ni msitu, hadi yule kiboko mdogo Owen wa tsunami ya 2004 alipata mahali pa kukaa na kobe wake Mzee. Lakini seli ikioza hairudi. Kwa hiyo tuzigandishe sasa, hata za hawa wetu ambao bado hawajafika wawili. Wa Tana, wa Boni, wa Arabuko, wa Shimba.

#31 Kijana_Changamwe
Owen na Mzee! Nilipelekwa na shule nikiwa mdogo, kobe alikuwa yuamsukuma kiboko kama mtoto wake.

#32 Daktari_Ngombe
Tena umetaja Shimba, Pili. Palahala, wale swala wakubwa wa Shimba Hills, ndio waliobaki Kenya nzima, hakuna kwingine. Nikiwa mwanafunzi niliwaona kundi zima pale juu karibu na Giriama Point, dume mweusi tii pembe zimepinda nyuma. Wamepungua sana. Hakuna tajiri, hakuna kamera, na ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka feri.

#33 Mwana_wa_Likoni
Wallahi mimi nimezaliwa Likoni na sijawahi kumwona palahala. Nimemsomea binti yangu uzi huu wote, ameniuliza swali jingine tena: kama kuna mtu ashachukua ngozi ya palahala akaiweka. Daktari, wajua?

#34 Daktari_Ngombe
Nitauliza kazini Jumatatu, nikipata jibu nitaandika hapa. Mwambie Jumapili asubuhi mimi naelekea huko, gari lina nafasi mbili. Tukitoka na feri ya saa kumi na moja tutawakuta bado wako kwenye majani.

#35 Mwana_wa_Likoni
Ameshakwenda kutafuta viatu.